Mtambo wa Baba Yako na Vyungu vya Mama Yako

Itungi, Ziwa Nyasa
11 Agosti 1912

Mpendwa mwanangu Gideoni,

Ugonile, mwana. Natumaini kwamba homa uliyoitaja imekuacha, na kwamba unalala mahali pakavu na kula chakula kilichoiva. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto huniuma kusi inapovuma. Mama zako wote ni wazima, mpunga wetu wa Ipyana umekwisha kuvunwa, na dada yako Neli amejifungua salama mtoto wa kike. Baba yako Zebedayo naye ni mzima wa mwili. Habari za akili yake zinafuata.

Najua amekuandikia. Aliniletea barua hiyo ili nimsahihishie, nami nikairudisha kama ilivyokuwa, maana ujinga haupungui kwa kuandikwa vizuri. Anakutaka uache karakana ya reli hapo Morogoro kabla ya kumaliza mafunzo, urudi mara moja uwe fundi wa mashua yake. Ukiondoka sasa hupati cheti, na wewe mwenyewe uliniambia kwamba anayeondoka hapokewi tena. Basi soma haya kabla hujafunga mzigo wako.

Mashua yenyewe aliipata kwa mkulima mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao. Mtambo wake ulikuwa umepasuka, na hiyo ndiyo sababu Mzungu hakuona uchungu kuiacha. Baba yako akatafuta mtambo mwingine, uliokuwa ukimenya kahawa huko milimani, akauteremsha kwa kuukokota juu ya magogo. Shauri lake lilikuwa kuutoa ule mbovu na kuutia huu mahali pake, uani kwake, chini ya migomba, kati ya kuku na watoto. Fundi hakuwepo. Palikuwa na rafiki yake Nsajigwa na wanaume wengine wa rika lao, wale wanaokula pamoja na kusifiana pamoja tangu walipokuwa wakichunga ng'ombe.

Unajua desturi ya rika. Kazi ya mmoja ni ya wote, na hakuna anayemwambia mwenzake kwamba amekosea. Kwa kulima mpunga desturi hiyo inafaa sana. Kwa mtambo ni maafa. Kila mmoja alishika upande wake akafungua alichokipenda. Huyu alitoa bomba, yule gurudumu, na mwingine alikuwa akifungua parafujo ambayo mwenzake alikuwa akiikaza. Niliuliza ni nani anayekumbuka kitu kipi kimetoka wapi.

"Kaka, wewe ni mtu wa vitabu," baba yako akanijibu. "Hivi ni vyuma. Chuma hujua mahali pake."

Sijapata kusikia neno la kipumbavu zaidi likisemwa kwa sauti ya utulivu kiasi hicho.

Walifanya jambo moja lenye mwanga wa akili, nalo wakaliharibu. Walitia vyuma katika vyungu: parafujo za kichwa cha mtambo humu, nati za bomba mle, kila kundi peke yake. Lakini vyungu vilikuwa vya mama yako. Vilikuwa vimetoka motoni, vimepangwa kando ya ukuta vikingoja siku ya soko. Hakuna aliyemwomba ruhusa, wala aliyemwambia. Wewe umekulia ndani ya mtumbwi wa mama yako Angetile, kati ya vyungu. Unajua kwamba mteja hukijaza chungu mahindi, mahindi yakabaki kwa mfinyanzi na chungu kikaenda na mteja. Ndiyo chakula kilichokulea. Kulipopambazuka siku ya soko, mama yako aliona vyungu vyake vimejaa takataka za chuma, akazimwaga zote juu ya mkeka mmoja, akapakia vyungu mtumbwini.

Nilikuwapo wenye vyuma walipoamka.

"Nani amemwaga mtambo wangu?" baba yako akauliza.

"Vyako viko mkekani, baba Gideoni. Vyangu viko mtumbwini."

"Ulishindwa kuuliza?"

"Ninyi mliuliza?"

Nsajigwa, ambaye hudhani kila jambo ni la kuchekwa, akasema, "Shemeji, si ungeviuza hivyo hivyo?"

"Kwa nani? Nani atakijaza mahindi chungu ambacho mmekwisha kukijaza misumari?" Akashika kasia lake akaenda zake.

Mtu mwenye busara angesimama hapo. Baba yako hakusimama. Waliuketia ule mkeka kama watu wanaopepeta mchele, wakajaribu kila parafujo katika kila tundu. Iliyogoma walipiga nyundo. Hatimaye mtambo ulikaa ndani ya mashua, ukiwa na umbo la mtambo, na vyuma vilivyobaki vilijaa kofia ya Nsajigwa. Nikauliza vile ni vya nini.

"Vya akiba," alisema Nsajigwa. "Wazungu huzidisha, kama mshonaji anavyoacha kifungo cha ziada."

Kofia nzima ya vifungo vya ziada.

Waliishusha mashua majini wakati wa alasiri, watu wakitazama. Tuntufye, mdogo wako, alipeleka kasia, baba yake akalikataa. Alisema anayebeba kasia ndani ya mashua ya mtambo anawatukana waliomo. Mtambo ukakohoa, ukanguruma, ukawafikisha mbele ya mdomo wa mto. Hapo chuma kimoja kiliruka kikatoboa ubao, na mngurumo ukakatika. Maji yakaanza kuingia. Kusi ikawasukuma kwenye matete, mahali ambapo viboko hupanda jioni, nao wanaume wazima wakakaa wakiteka maji kwa ile kofia. Sasa vyuma vya akiba vilikuwa miguuni mwao, mwanangu, na sikuona kimoja kikiwasaidia.

Waliookoa watu hao walikuwa wafinyanzi waliokuwa wakitoka sokoni. Mtumbwi wa mama yako ulikuwa wa mbele. Tulimsikia kutoka pwani, maana sauti hutembea juu ya maji.

"Baba Gideoni, una mahindi ya kuujaza mtumbwi huu? Maana hatuvuti bure."

Aliwavuta bure. Hakuna aliyepotea, namshukuru Mungu, ingawa mmoja wao angepoteza kofia tu nisingesikitika.

Baada ya wiki mbili nilikwenda na fimbo yangu nikasimama uani, walikokuwa wameirudisha mashua. Niliamuru mtambo ufunguliwe upya, na safari hii mtu mmoja afungue, mwingine apokee, wa tatu atajwe kuwa mlinzi wa mahali pa kuweka, na wengine waende mashambani. Kilichotoka kwanza kirudishwe mwisho. Waliobaki wakanitii, wakinuna. Lakini hatukuwa na vyombo vya kutilia, na sikuwa na uso wa kumwomba mama yako.

Sikuhitaji kumwomba. Alikuwa amekwisha kufinyanga vyungu vipya, na kila kimoja mdomo wake umepinda na tumbo lake limebonyea upande. Nilidhani mkono wake umeanza kuzeeka, nikamwambia hivyo.

"Nimevipinda mwenyewe, shemeji," alisema. "Hivi hakuna mteja atakayevijaza chochote. Hata mimi sitashawishika siku ya soko."

Kabla ya kuvichoma alikuwa amechora tumboni mwa kila chungu kitu kitakachokaa ndani: bomba, gurudumu, kichwa cha mtambo. Vyuma vyote sasa vimo humo, vimepakwa mafuta na kufunikwa kwa majani ya migomba. Vile vya kofia vina chungu chao, nacho hakina mchoro, kwa kuwa hakuna ajuaye mahali pake. Hicho ni chako ukimaliza mafunzo. Si kabla.

Neli na mtoto wanakusalimu, na Tuntufye, ambaye bado ana lile kasia lililokataliwa. Mama yako anasema ule vizuri. Baba yako anakusalimu pia. Hajanena neno la kuifuta barua yake, wala mimi sitarajii. Lakini jana alivibeba vile vyungu vilivyopinda kimoja kimoja begani, kazi ya wanawake, akapita navyo mbele ya rika lake lote wakimcheka, akavipanga ndani ya nyumba mahali pa kitanda chako. Kisha akafunga mlango, ufunguo akampa mama yako.

Bwana akulinde katika moto na vyuma vya huko, akupe mkono mtulivu na kichwa ambacho hukukirithi kwa baba yako.

Ndimi baba yako mkubwa, nikupendaye bila kukubembeleza,

Ambilikile