Kamba Iliyotoka kwa Namelok

Naisula mjukuu wangu,

Sisi tuko, ila hapa Isinya mvua imekataa na babu yako anakohoa. Wewe huandiki mpaka uwe na swali la shule!

Unauliza plastiki zinatofautiana vipi. Mama yako akiwa mtoto, ng'ombe wetu Namelok alijaa tumbo. Babu yako akasema, "Huyu ana mimba." Nikafukiza kibuyu kwa moshi, tayari kwa maziwa mapya. Namelok akafa. Tulipompasua hakukuwa na ndama, ni karatasi za nailoni alizomeza, zilizopeperushwa na upepo kutoka mjini Kitengela, zimesokotana na kamba ya plastiki. Nyasi alizokula zilikuwa zimeoza, plastiki haikuoza. Karatasi nikivuta zinarefuka, kamba ikakataa kabisa kurefuka.

Mama yako alililia maziwa mpaka akalala.

Kamba niliiosha. Mpaka leo nafunga nayo mbuzi. Mwambie mwalimu wako.

Koko wako