Dakika Tano za Machage

Budapest, 4 Machi 1978

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Kifua chako kinaendeleaje?

Hapa chuoni tunafundisha kompyuta kucheza sataranji, ule mchezo ulionifundisha wewe. Tukiipa sekunde tano kwa kila hatua, inacheza kama mlevi. Alama zake za uwezo ni 1250. Tukiipa dakika tatu, mashine ileile inafika 1600 na kunifunga mimi. Profesa husema asiyetaja muda asitaje alama. Cheka, Baba: mwanao anashindwa na kabati la chuma!

Mwanao,
Benedicto

Nyambureti, 30 Aprili 1978

Mwanangu Benedicto,

Marahaba. Kifua kimechoka, daktari ameacha kunidanganya.

Sikucheka. Unamkumbuka Machage? Mwaka 1959 mlilingana katika mtihani, na nafasi ya sekondari ilikuwa moja. Padri akasema mcheze sataranji, mshindi aende. Mlipocheza bila saa Machage alikufunga kila mara, kwa kuwa aliwaza polepole na kwa kina. Mimi, mwalimu wenu, ndiye niliyependekeza dakika tano kwa kila mchezaji. Nilijua nafanya nini. Ukashinda, nami nikamwambia mbele ya darasa zima kwamba kichwa chake ni kizito.

Nisamehe, mwanangu.

Baba yako

Budapest, 2 Juni 1978

Baba yangu,

Shikamoo. Nilikaa na barua yako siku tatu. Bado nakupenda kama jana. Lakini msamaha huo si wangu kuutoa. Mimi ndiye niliyenufaika. Mwite Machage umwambie, nguvu zingalipo.

Mwanao,
Benedicto

Nyambureti, 7 Julai 1978

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mkono umegoma, anayeandika ni dada yako Bernadetha.

Machage alikuja kutoka Kemambo, kule Tarime. Nilimweleza yote. Akausogeza uji wake kando.

"Kwa hiyo, Mwalimu, mimi si mzito?"

"Hujawahi kuwa."

"Binti yangu Robi nilimtoa shule mwezi wa tatu. Alikuwa wa mwisho kumaliza kila jaribio. Nikamwambia, 'Mama, kichwa hicho umerithi kwangu, njoo tulime.'"

Nilitamani anitukane. Akasimama, akachukua kofia yake.

"Hujala," Bernadetha akamwambia. "Unakimbilia wapi?"

"Basi la Tarime, dada. Shule zinafunguliwa Jumatatu."

Baba yako