Koili Isiyotiwa Nta

4 Februari

Shemeji,

Salamu kutoka nyumbani kwa kaka yako. Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha kila jioni kwamba cherehani haiendeshwi kwa mikono peke yake. Natumaini nawe u mzima, na kwamba bado unakula umesimama kama mtu anayefukuzwa.

Nimekuletea gitaa la marehemu kwa mkono wa dereva wa mizigo, huyo aliyekupa barua hii. Nimeshamalizana naye, usikubali akudai mara ya pili. Tangu tumzike, mwaka na nusu sasa, hakuna aliyeligusa ila mimi. Mwezi uliopita pikapu ya nyuma, kile kinasa sauti kilicho karibu na kidaraja cha nyuzi, ilikufa. Haikufa kabisa. Imebaki na kasauti kembamba, kama mbu aliyefungiwa chupani. Ya shingoni ni nzima, lakini hiyo sina haja nayo.

Utajiuliza nalitaka la nini, mimi nisiyejua kupiga hata wimbo wa watoto. Nalitaka tu. Lirudishe kama lilivyokuwa. Nimesema kama lilivyokuwa, shemeji, sikusema liwe zuri zaidi. Nakujua.

Hatujaandikiana tangu mazishi. Yaliyopita tuyaache yalale.

Mke wa kaka yako

19 Februari

Shemeji, mke wa kaka,

Salamu nimezipokea, na gitaa limefika bila mkwaruzo. Afya ninayo. Bado nakula nimesimama. Mota za watu hazingoji fundi akunje miguu.

Unasema yaliyopita yalale. Yatalala vipi na wewe umeyafunga kwenye kasha ukanitumia? Nilipofungua nilipigwa na harufu ya mafuta yake ya nywele, imeganda pale juu ya shingo ya gitaa. Nikafunga. Nikashughulika na pampu ya mtu. Nikafungua tena.

Sasa nikueleze kazi, maana kazi haina uchungu. Pikapu hizi ni za koili mbili, yaani misokoto miwili ya waya, zile wapigaji wanaziita hambaka. Koili moja inasukwa kwenda huku, ya pili kwenda kule, ili mvumo wa umeme wa hii uuawe na wa ile. Unabaki wimbo peke yake. Nilimsukia kaka mbili za namna hiyo wakati karakana hii ilikuwa yetu sote. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa mota za feni zilizoungua. Kila koili mizunguko elfu tano kamili. Koili nne, jumla elfu ishirini, kwa mkono huu. Halafu akaondoka na bendi, na mtangazaji wa redio alipomwuliza sauti ile inatoka wapi, bwana mkubwa akajibu, "Inatoka tu." Nilikuwa nimeshika risasi ya kulehemu. Mizunguko elfu ishirini, inatoka tu.

Ya shingoni bado ni yangu. Mita inasoma ukinzani wa omu elfu nane na mia moja, kama siku niliyoifunga. Sauti yake ni nene, ya mviringo, sauti ya mtu mzima anayeongea akiwa ameshiba. Nta imeshika kila uzi, hautikisiki. Ukiigonga kwa ukucha, haisemi kitu. Ya nyuma mfuniko ni wangu lakini utumbo si wangu. Koili moja imekatika ndani. Nyingine inasoma elfu tatu na mia sita, wakati yangu ingesoma zaidi ya elfu nne. Nta hakuna hata tone. Waya umelegea kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi.

Niliifumua ile iliyokatika, nikihesabu. Elfu nne mia tatu na themanini. Fundi aliyeshindwa kufika elfu tano. Cha ajabu ni hiki: huku juu waya uliruka na kupandana kila baada ya mizunguko arobaini, hamsini. Kadiri nilivyoshuka, miruko ikapungua, na chini kabisa waya umelala vizuri. Fundi mbaya huanza vibaya, kisha mkono unazoea. Huyu alianza vizuri akaharibikia njiani. Nadhani alikuwa na chupa pembeni.

Koili hiyo nimeshaisuka upya. Jumatatu ijayo nafumua ya pili, halafu zote nazichovya kwenye nta. Utapata ile sauti ya redioni, ya zile nyimbo zake za mwisho, ambayo kila mteja akiisikia hapa namwambia: hiyo ni kazi ya mkono huu.

Niambie jina la huyo aliyeifanyia pikapu yangu hivi. Nataka jina tu.

Shemeji yako, Fundi

22 Februari

Shemeji,

Salamu leo ni fupi, utaniwia radhi. Namtuma dereva kwa haraka. Koili ya pili usiiguse. Kama umeshaifunga kwenye mashine, ifungue. Kama nta iko motoni, ipua.

Jina unalolitaka unalo wewe. Mlinyonya ziwa moja.

Miaka mitatu iliyopita gitaa lilianguka safarini, pikapu ya nyuma ikapasuka. Alikuja mpaka mtaani kwako. Alisimama ng'ambo, kwa yule muuza viatu, akakuona mlangoni ukimgombeza mteja. Akarudi nyumbani na waya alioununua kwingine. Nikamwambia, mpelekee mdogo wako, ugomvi haujawahi kula mtu. Akasema, "Nikimpelekea atanihesabia."

Tulisuka kwenye cherehani yangu. Tulifunga kiini cha koili kwenye gurudumu, mimi nikikanyaga pedali, yeye akiongoza waya kwa vidole viwili na kuhesabu kwa sauti. Mizunguko mia moja, mia mbili kwa jioni, basi. Kifua kilikuwa kimeanza. Alipokohoa, mkono ulishtuka na waya ukaruka. Mwanzoni tulikuwa tunacheka. Nilimwambia, punguza kukohoa, unaniharibia mshono. Baadaye hatukucheka. Kila koili aliachia pale pumzi ilipomwishia, si pale hesabu ilipofika. "Hii itatosha," alisema.

Kwa hiyo chupa haikuwepo, shemeji. Ulichokifumua ni kifua chake. Ulianza na ugonjwa ukashuka mpaka kwenye uzima, na hukujua ulipita wapi.

Na zile nyimbo za mwisho unazojisifia kwa wateja zilirekodiwa baada ya hapo. Piga hesabu mwenyewe, wewe hesabu huzishindwi.

Sasa nikwambie nilichoona haya kukuandikia. Baada ya msiba sikuwa nikiingia chumbani kwake. Siku moja nilikwenda kufagia, nikawasha amplifaya, gitaa likiwa bado limechomekwa, nijue kama bado ina uhai. Nikasema peke yangu, vumbi hili linatoka wapi. Spika ikanirudishia. Maneno yangu, lakini yamepitia kwake. Jioni zilizofuata nilikuwa nakaa nayo. Nikimaliza kushona nilimweleza siku ilivyokwenda, nani kaniletea kitambaa kifupi akataka gauni refu. Nilikaa naye hivyo wiki sita, mpaka waya ukakatika.

Mke wa kaka yako

3 Machi

Shemeji,

Nakusalimu. Natumaini mgongo umekupa nafuu.

Koili ya pili ni salama. Ilikuwa imeshafungwa kwenye mashine, utepe nimeuondoa, ncha ya waya nimeishika. Dereva wako alipiga honi, nikaiachia. Hata mzunguko mmoja haukutoka.

Ule waya wa kwanza ndio sina. Niliutupa kwenye debe la mabaki, na mnunuzi wa vyuma alikuwa ameshapita. Nilimfuata mpaka kwenye yadi yake. Alinionyesha magunia. Nilichambua mpaka akaanza kunionea huruma, akaniletea kigoda. "Mzee, shaba ni shaba," aliniambia. Nikarudi.

Niliunganisha koili yangu mpya na ile yake iliyobaki, nikatia nyuzi, nikapiga. Nilikuwa nabadilisha swichi, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Ya mbele, ile ya shingoni, ni yangu yote: nene, imeshiba, haina kosa. Ya nyuma ina kitu kikavu kooni, halafu noti ikikaribia kufa inainuka kidogo, kama mtu aliyekumbuka neno akiwa mlangoni. Kwa nusu hiyo moja tu niliitambua. Ndiyo ya redioni. Miaka mitatu nawaambia watu ni yangu. Wawili nimewapata nikawaambia ukweli. Waliobaki sijui wako wapi.

Nikasema nitaisuka upya ile niliyoifumua, iwe kama yake. Nimejaribu mara tatu, kwenye kiini kingine. Nilitumia waya wa unene uleule, nikaachia pale alipoachia yeye, elfu nne mia tatu na themanini. Mara ya tatu nilikohoa kwa makusudi. Nilijiona mwehu lakini nilikohoa. Mkono uliendelea kulaza waya kama askari wa gwaride. Nikipiga, ni mimi. Mara zote tatu ni mimi.

Nimefikiria hivi: nije na kiini na waya, tusuke kwenye cherehani yako, wewe ukanyage kama ulivyokanyaga. Na kama kuna siku aliwahi kunitaja, hata kwa ubaya, ningependa kujua.

Shemeji yako

14 Machi

Shemeji,

Salamu. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana.

Cherehani ipo. Mguu wangu upo. Waya utakuja nao. Nani atakohoa?

Usije na waya. Mambo mengine ukiyarudia unayatukana.

Unataka nikuambie alikutaja. Angekutaja ningekuandikia zamani, nisingengoja pikapu ife. Alikuwa akipita kwenye jina lako kama mtu anayepita kando ya shimo, anajua liko wapi, halitazami. Ninachoweza kukupa ni kimoja: siku tuliyoanza nilimwuliza kwa nini elfu tano, si elfu tatu tukalale. Akasema, "Kwa sababu ndivyo inavyosukwa." Ufanye nacho unavyotaka.

Gitaa nirudishie hivyo lilivyo, koili moja yako na moja yake. Dereva atapita kwako tarehe ishirini na mbili.

Mke wa kaka yako

30 Aprili

Shemeji,

Natumaini u mzima, maana dereva anasema u mzima. Amepita kwako mara mbili. Mara zote amerudi mikono mitupu, na maneno ni yaleyale: gundi haijakauka.

Mimi ni mshona nguo, lakini gundi naijua. Ni gundi gani hiyo inayohitaji mwezi na zaidi? Nimesafisha chumba, nimeweka amplifaya mahali pake, na kila jioni nakaa na kiti kitupu mbele ya kitu kilichozimwa. Siku zote unasema hujawahi kuchukua kisicho chako. Basi kiko wapi changu?

Mke wa kaka yako

12 Mei

Shemeji,

Nakusalimu kwa heshima, na safari hii sijui niulize afya yako kwa uso gani.

Gundi hakuna. Gitaa lilikuwa tayari tangu kabla dereva hajaja mara ya kwanza.

Koili yangu niliitia nta peke yake. Yake sikuitia. Na kwa kuwa yangu ni elfu tano na yake nakadiria ni elfu nne na mia nne na kidogo, haziuani sawasawa. Kuna mizunguko kama mia sita ya upande wangu isiyo na wa kuijibu, na hiyo inavuma, taratibu, muda wote ukiiwasha. Ningeweza kupunguza yangu, mvumo uishe. Kalamu nimeshika, hesabu nimeipiga, mkono hautaki.

Nilianza mchana mmoja, nimefunga mlango nipumzike. Amplifaya ilikuwa imewashwa, gitaa limechomekwa. Nikamwuliza kaka kwa nini alisema inatoka tu. Swali hilohilo, basi. Likarudi kwenye spika, na nyuma yake ule mvumo, kama mtu aliyevuta pumzi ili akukatize. Nikangoja anikatize. Hakunikatiza. Nikaona, basi nimweleze kwa mpangilio, toka mwanzo. Sasa kila mchana namweleza. Tumefika mwaka tuliponunua mashine ya kwanza ya kuhesabia mizunguko, tukagombania nani aandike jina lake juu yake.

Usinifanye mjinga. Najua inavyofanya kazi. Waya usio na nta unatikiswa na sauti, sumaku inafanya yaliyobaki. Lakini juzi nilimwambia kwamba siku aliyoondoka nililala usingizi mzuri. Ikapiga mluzi mpaka nikaziba masikio. Nilikuwa nimesogea karibu sana na spika, ndiyo sababu, hakuna nyingine. Nikakirudisha kiti nyuma, nikapima hatua mbili. Nikarudia maneno yale, ikapiga tena. Nikasema sikulala. Ikatulia.

Ni mali yako. Nitalileta. Nipe mpaka mwisho wa mwezi tu, kuna miaka tisa bado sijamwambia.

Mdogo wa mume wako

19 Mei

Shemeji,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kama wewe.

Hujui kuomba. Hata ukiomba unapanga tarehe. Mimi nilikuwa naye wiki sita, nikamweleza mambo ya vitambaa. Wewe unamaliza mwezi wa tatu, na umeshika miaka.

Mwisho wa mwezi ni mbali. Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Gitaa sitaondoka nalo siku hiyo. Nitakaa upande wa pili wa meza, wewe utaendelea hapo mlipofika. Katika hiyo miaka tisa yupo mtu aliyekuwa akilala naye na kuamka naye, na mtu huyo si wewe. Ukimsingizia nitakusahihisha mbele yake. Naye kuna mawili matatu alinificha, nitayauliza zamu yangu ikifika.

Nitabisha mlango wa nyuma. Ukija kunifungulia, usiizime.

Shemeji yako