Ukungu Ulipotufunika Mlimani Sokotra

Mami mpendwa,

Habari za Mwiki? Goti limetulia, ama bado unalifunga kitambaa ukienda kanisani? Mimi ni mzima. Natanguliza hilo kwa sababu mdogo wangu Kamau amekwisha kukuambia nilipotea mlimani, na nakujua, hujalala vizuri.

Unajua ukitoka Juja kwenye udongo mweusi na migunga, ukapanda kuelekea Gatundu, udongo unakuwa mwekundu, unapata kahawa, halafu baridi inaanza na unaona majani chai. Kisiwa hiki cha Sokotra kiko hivyo pia, ila ni kikavu. Pwani ni vichaka vya kufika magotini. Ukipanda unakuta mawe meupe ya chokaa yanayomeza mvua yote, na huko imeota miti yenye tumbo kama mtungi, inayojiwekea maji yake. Juu kabisa mwamba ni mwekundu na mgumu. Mvua ni haba, lakini ukungu haukosi, na miti yenye umbo la mwavuli huunasa kwa majani ukadondokea mizizi. Sisi tunatunza miche ya miti hiyo.

Juma lililopita nilipanda na Salma, mwenzangu wa kazi, mzaliwa wa hapa. Ukungu ukashuka tukiwa huko juu. Salma akateleza, nikasikia mfupa wa mguu wake ukivunjika. Simu hazikuwa na netiweki. Nilijaribu kumbeba, akazimia kwa maumivu. Alipozinduka aliniambia niende kutafuta watu, la sivyo baridi itatumaliza wote. Nikamfunika koti langu, nikamwachia maji. Mami, kumpa mtu mgongo huku anakutazama ni kitu kigumu.

Njia sikuiona tena. Nikaamua kuifuata mimea. Nilitembea na kutembea, na bado kila mti niliogusa ulikuwa wa mwavuli. Hapo nikaelewa kwamba sishuki, nazunguka huko huko juu. Nikageuka, nikashika upande mwingine. Baadaye mawe yakawa meupe, makali, yakanikata viganja. Nikapapasa shina nene, laini, lililofura. Mti wa tumbo. Nikaukumbatia nikilia. Chini yake ukungu ulikuwa mwepesi, nikaona moshi wa wafugaji wa mbuzi.

Wanaume walipanda nami wakiwa na blanketi. Tulipofika karibu tukaita. Tukaita tena, mimi nikawapita mbele. Kisha tukasikia jiwe likigongwa kwa jiwe. Sauti ya Salma ilikuwa imeisha, hakuweza kuita.

Nilipomshika mkono alisema, "Nilidhani hutarudi."

"Hata mimi niliogopa hivyo," nikamwambia.

Sasa mguu uko kwenye plasta na daktari anasema utapona. Mama yake Salma alinishika uso kwa mikono miwili, akauliza mama yangu anaitwa nani. Nikamtajia. Anasema anakuombea kwa jina lako kila anaposwali.

Uliniambia kwa simu nirudi nyumbani. Usikasirike, Mami. Salma hawezi kupanda, na miche ikikosa mtu mbuzi wataimaliza. Nimepata mwenzangu mwingine, tunapanda kesho. Naogopa, sitakuficha.

Nisalimie shosho, nyanya yangu mpenzi kule Gatundu, na jirani yetu Mama Njeri anayekushika mkono kwenye ngazi. Kamau mwambie aache kukutisha. Akiwa na habari zangu anipigie mimi kwanza.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
Nyambura