Maelezo Kuhusu Nguzo ya Saba ya Jengo la Birere

Yameandikwa katika kituo cha polisi, Goma, tarehe 13 Machi 2024.
Shahidi: Birindwa Gentil, miaka 24, karani, mkazi wa Katoyi.

Mimi ni karani wa jengo la ghorofa tatu la bosi wangu, Patron Cyprien, mtaani Birere. Ofisi yangu ni kibanda kilicho getini. Chini ya jengo kulikuwa na maduka. Dada yangu Joviale alishona nguo katika duka moja, karibu na nguzo ya saba.

Mwaka jana injinia Célestin alibandika kipimo kidogo cheupe kwenye kila nguzo. Nguzo ikitikisika au ikipasuka, kipimo hutuma habari kwa redio, bila waya, hadi kwenye kisanduku kilichokuwa mezani kwangu. Kila nguzo ina taa yake. Kijani maana yake ni nzima, nyekundu ni hatari.

Mnamo tarehe 5 Machi mafundi wa Patron walichonga nguzo ya saba ili mlango wa chumba cha baridi upate nafasi. Taa ya saba ikawaka nyekundu. Nilimwita Patron.

"Wewe mutoto ya Goma, unaogopa mulima? Mulima inapumua tu."

Nilimjibu, "Patron, mulima ingetikisa nguzo zote. Hii inatikisika yenyewe."

"Basi Célestin atafute kazi ingine. Injinia ni wewe."

Wateja walicheka. Kwetu kitu kikitikisika tunasema ni mlima wa volkeno, tunaendelea na chai. Joviale hakucheka. Alitoa cherehani nje, akashonea barazani.

Tarehe 7 Machi, nilipofika kazini, taa ya saba ilikuwa kijani. Patron alisema mafundi wametia chuma ndani ya nguzo. Plasta mbichi ilikuwa imeifunika yote, kwa hiyo sikushangaa kutokiona kipimo. Akamwita dada yangu.

"Mama Joviale, rudisha mashine ndani, unafunga njia. Kama huniamini mimi, muamini ndugu yako. Gentil, mwonyeshe taa."

Nilimwonyesha. Akarudi ndani.

Mnamo tarehe 12 Machi, karibu saa nne asubuhi, jengo liliinama upande wa nguzo ya saba, likaanguka. Nilikuwa kibandani. Nilitazama kisanduku. Taa nyingine zilikuwa nyekundu au zimezimika. Ya saba ilikuwa kijani.

Kipande cha nguzo hiyo ndicho kilichokuwa juu ya dada yangu. Tulimtoa mchana, amekwisha kufariki. Futi ya kupimia nguo ilikuwa bado shingoni mwake.

Jioni injinia Célestin alifika. Kisanduku huonyesha pia nguvu ya redio ya kila kipimo, nasi tukakibeba tukaifuata kule ilikozidi. Ilitupeleka hadi nyumba ya Patron mwenyewe, nyuma ya jengo. Kipimo namba saba kimebandikwa kwenye ukuta wa nje, wa mawe ya lava, nyuma ya tangi la maji. Ukuta ule hautikisiki. Nilitaka kuking'oa. Célestin akasema, "Kiache. Kiendelee kusema uongo wake mpaka polisi wasikie."

Baadaye Patron alinipigia simu. "Petit, mutoto yangu, kisanduku kilipotea kwenye vifusi, umesikia? Bado uko na mama yako, umutunze." Nilimjibu, "Ndiyo, Patron." Kisha nikakileta hapa.

Ninaogopa. Lakini sikuja kuomba fidia, wala sitaki wazee waje kutupatanisha. Naomba Patron aketishwe mbele ya kisanduku hiki, aulizwe nguzo ya saba iko wapi, na mimi niwepo nimtazame usoni akijibu.

Nimesomewa maneno haya nami nayakubali kuwa yangu, bila kulazimishwa na mtu.

(sahihi) Birindwa Gentil

Maelezo ya Ofisa: Yametolewa mbele yangu, Ofisa Umuhoza. Nimepokea kisanduku kikiwa kimewashwa. Redio ya kipimo namba saba inafika hadi hapa kituoni. Taa ya saba ni kijani. Shahidi ameomba kisizimwe mpaka mshukiwa aletwe. Hakijazimwa.