Arobaini ya Mama Eleni

Jumapili, 9 Novemba. Hayes. Asubuhi ukungu na manyunyu, baridi ya kuuma vidole.

Mama Eleni,

Leo ni arobaini yako na sijui nianzie wapi. Walikuchoma badala ya kukuzika. Nilimwambia mwanao Petros kwamba uliomba kuzikwa kijijini kwenu Kupro, kando ya mumeo. Akanijibu, "Sister, wewe ulikuwa mhudumu wake tu."

Nilichemsha ngano ya arobaini kama ulivyonifundisha, nikaianika juu ya taulo, nikachanganya zabibu kavu, komamanga na mdalasini. Nikaipeleka kanisani kwenu hapa mjini. Padri alikuwa mpole, lakini alisema aliyechomwa hasomewi sala ya wafu. Nimerudi na sinia zima kwenye basi. Nimeonja kijiko kimoja, nikalifunika sinia.

Miaka mitatu nikikuogesha, ulinitembeza kwenu kwa hadithi. Matuta ya mawe yakipanda mlima, mizabibu mifupi isiyofika kiunoni. Kanisa ambalo paa lake la vigae linashuka karibu na ardhi, mgeni adhani ni ghala. Ndani watakatifu wamechorwa ukuta mzima, moshi wa mishumaa umewafanya weusi. "Weusi kama wewe, Wambui," ulinitania, "na tunawabusu!" Zabibu zikianikwa juani hadi zinyauke, ndipo zikamuliwe divai tamu. Ile ya dukani uliitema: "Dawa ya kikohozi hii!" Sijakanyaga kisiwa hicho, lakini mlango wa kwenu ningeujua.

Jioni nikampigia Petros. Nilipiga magoti, Mama, kana kwamba ananiona. Nikamwambia kwetu Murang'a maiti haachwi ugenini.  Akasema, "Njoo umchukue. Mimi hata kabati lenye majivu yake siwezi kulifungua." Naye alikuwa akilia.

Nilikufuata usiku huu huu, na sasa uko kitini hapa chumbani kwangu, mzito kuliko nilivyodhani. Naogopa. Na kijijini nako wakikataa? Nani atanisikiliza mimi, mgeni mwenye kopo la majivu, nisiyejua hata kuomba kwa lugha yenu? Nimemuuliza Mungu. 

Kwaheri ya leo, Mama. Likizo ya Januari nitakupeleka. Nitabisha kwa padri wa kwenu, nitabisha tena. Akinifungia mlango, nitatafuta shamba la mizabibu la baba yako, nichimbe kwa mikono hii iliyokuogesha. Kabatini hurudi.

Saa tisa usiku. Nalala sasa.

Wambui