Kifutio cha Kaka Mutisya

Mbotela, Nairobi
14 Julai 1985

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua. Sisi hapa tu wazima. Nimekuwa wa tatu katika hesabu, na ile sweta ya mtumba ya soko la Gikomba uliyosema itanibana bado inanitosha, mradi nisivute pumzi sana.

Habari kubwa ni ya Kaka Mutisya. Unajua kwamba tangu mwaka jana, akitoka kazini katika stoo ya kiwanda kule Baba Dogo, huenda masomo ya jioni kujifunza kuandika programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata hatua kwa hatua. Huandika kwa penseli, akafuta, akaandika tena, mpaka meza yetu ya kulia chakula inajaa vumbi la kifutio.

Mwezi wa Mei kampuni moja ya bima mjini ilitangaza nafasi mbili za kazi hiyo. Waliitwa watu kumi na mmoja. Kila mmoja alipewa chaki na kusimamishwa ubaoni mbele ya mabwana watatu, aandike programu ya kupanga majina ya wateja. Meneja, Bwana Wasike, aliwaonya kwamba atakayegusa kifutio atapunguziwa alama, kwa sababu fundi anayeijua kazi yake hakosei. Kaka alikosea mstari wa pili, akauona, akaogopa kuufuta, na mistari yote iliyofuata ikapotoka nao. Binti mmoja aitwaye Khalayi alifuta kwa kiganja, akaambiwa ajaribu bahati kwingine.

Kaka alirudi na chaki kwenye nywele, akasema labda yeye ni mtu wa stoo tu. Alivifunga vitabu vyake kwa kamba, akaniambia nivipeleke sokoni wakafungie karanga. Nilivificha chini ya kitanda. Nilipomshauri alalamike, alinikumbusha kwamba ulitukataza kwenda kuwaomba-omba wakubwa.

Wiki tatu zilizopita wote wakaitwa tena! Bwana Wasike aliwaambia, huku akicheka, kwamba amepata barua ya Kiingereza ya mtu aliyejiita Mkazi wa Mbotela. Mtu huyo aliuliza kama waandishi wa programu wa kampuni hufanya kazi wamesimama huku wakitazamwa, na kama yeye meneja hajawahi kufuta kitu. Bwana Wasike alikiri kwamba alikwenda kukagua meza za wafanyakazi wake, akakuta vumbi la vifutio kila mahali, na meza yake ndiyo iliyoongoza. Basi safari hii kila mtu alipewa meza, penseli, kifutio, na programu yenye makosa ayatafute. Khalayi akawa wa kwanza, Kaka wa pili. Wote wawili wameajiriwa!

Tangu siku hiyo Kaka anamtafuta mkazi huyo amshukuru. Majirani walimwelekeza kwa Mzee Zedekiah, karani mstaafu wa nyumba ya pili, eti ndiye pekee hapa mwenye Kiingereza kikali namna hiyo. Kaka alimpelekea kilo mbili za sukari. Mzee aliipokea, akasema ameandika barua nyingi maishani hata hazikumbuki zote, kisha akamuusia kijana asiwaogope wakubwa. Kila jioni tunamsikia akikoroga chai.

Mama, barua ile niliiandika mimi. Niliiandika katika maktaba ya shule mara saba, na ya saba ndiyo niliyoitia stempu. Nilificha jina kwa sababu unanijua, hata kumwomba mwalimu ruhusa ya kutoka nje natetemeka. Ningenyamaza kabisa, lakini Kaka anaanza kazi kesho, na Bwana Wasike amemwambia kwamba barua hiyo ameibandika ukutani, juu ya meza atakayofanyia kazi. Kaka ndiye aliyenifundisha kuandika, akinishika mkono. Herufi zangu atazijua kabla hajaketi. Nimetaka wewe uyasikie kwangu kwanza.

Najua ulitukataza kuwaomba wakubwa kazi. Sikumwombea kazi, Mama. Nilimwombea kifutio tu.

Nisalimie Bibi, na umwambie mdogo wetu Muse penseli za rangi nitamletea likizo ikifika. Habari za ile sukari usimweleze mtu yeyote. Mwache Mzee Zedekiah aimalize kwa raha zake.

Mimi bintiyo akupendaye,
Ndindi